Kumkata Mshika Taa

Jumapili, 1 Juni
Nimefua mashati mawili. Nimechemsha maharage ya siku tatu. Saa kumi kamili za hapa Juba binti yangu Neema alipiga. Kwake Mombasa ni saa kumi na moja. Ndivyo Jumapili zetu zilivyo, mwaka wa pili sasa.

Nilifungua kisanduku huku akinitazama kwenye simu. Kililetwa na mwenzangu wa redio aliyetoka Nairobi juzi. Visanduku hivi havionyeshi kilichomo. Unanunua, unafungua, unapokea bahati yako. Seti ni ya wanasesere wa plastiki, watu wa stesheni ya treni, kumi na wawili, kila mmoja urefu wa kidole gumba. Rafu ni ya Neema. Anao kumi na mmoja. Anayekosekana ni mshika taa, na ndiye adimu kuliko wote.

Alikuwa yeye. Koti la buluu, taa nyekundu mkononi. Kichwa kimepachikwa kinyume. Uso uko upande wa mgongo.

Neema alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akasema, "Mama, ndiye huyo. Wa mwisho."

Alinitaka niwaandikie watengenezaji watoe mwingine. Nimewaandikia. Picha tatu: mbele, nyuma, ubavu.

Jumanne, 3 Juni
Wamejibu. Wanakubali kosa ni lao. Mwingine atatumwa bure, moja kwa moja Mombasa, maana Juba hawaleti mzigo. Sharti ni moja. Nimharibu huyu kabisa, nimpige picha kando ya karatasi yenye namba ya dai. Siku kumi na nne kuanzia leo. Mwisho tarehe kumi na saba.

Sababu yao inaeleweka. Wenye makosa huuzwa ghali na wajanja. Sina ubishi.

Jumatano, 4 Juni
Bandarini, mtoni Nile, tangu asubuhi. Majahazi ya chuma mawili yanapakia mtama kwenda kaskazini. Abiria wamelala juu ya magunia siku ya sita. Hakuna anayejua lini yataondoka. Dakika mbili za taarifa, zimetumwa.

Jioni nilimsimamisha mshika taa mezani, kifua kikielekea ukutani. Kwa hiyo uso ulinielekea mimi. Nikala.

Sikumbuki mara ya mwisho nilipokula nikitazamwa.

Ijumaa, 6 Juni
Nilikwenda kuazima msumeno wa chuma kwa Okello. Ni Mganda, ana kibanda hapa mtaani Buluk, anatengeneza simu na kuuza kila kitu kingine. Aliuliza ninakata nini. Nikamwonyesha.

Akamgeuza mara mbili. "Huyu alikuwa anaangalia wasichana, treni ikampita."

Nilimweleza sharti. Aliona ni upuuzi. Akashika simu yake. "Mama, mimi iko na programu hapa. Nakata yeye kwa picha tu. Wewe unabaki na yeye mzima, wao wanatuma mwingine. Hakuna damu."

Nilikataa. Akaniambia hakuna mtu atajua. Nikamwambia mimi nitajua. Akacheka, akanipa msumeno.

Zamani nikiwa Goma nilimwandikia mhariri kuhusu mpiga picha wetu. Alikuwa amemwomba mama mfiwa alie tena, kwa sababu mara ya kwanza mwanga ulikuwa mbaya. Alifukuzwa kazi. Alikuwa na watoto. Sijajuta. Sitaanza kudanganya kwa picha ya mwanasesere.

Msumeno uko chini ya kitanda.

Jumapili, 8 Juni
Neema aliuliza kama nimemkata. Nilisema sijapata msumeno.

Huo ni uongo. Nauandika hapa ili angalau sehemu moja iwe na ukweli.

Tuliongea dakika kumi na mbili. Kumi zilikuwa za mshika taa. Mbili za mvua. Hajaniambia habari za kazi yake ya duka la dawa, wala sijamuuliza.

Ana miaka ishirini na sita. Alilelewa na mama yangu. Mimi nilikuwa Bujumbura, Goma, kisha huku. Kabla ya visanduku hivi tulikuwa tunapigiana Krismasi na Pasaka. Siku moja alinitumia picha ya muuza chai wa plastiki, akaandika: anafanana na bibi. Ndivyo tulivyoanza.

Seti ikitimia, atapiga kwa ajili ya nini?

Jumanne, 10 Juni
Mangateen, kambi ya wakimbizi wa ndani. Maji yameingia kambini, magodoro yameanikwa juu ya mahema. Nilimhoji mama mmoja anayelala na watu saba chini ya turubai moja. Mahojiano yalipokwisha aliniuliza kwa Kiarabu cha Juba, "Ita gi geni barau?" Unakaa peke yako?

Nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa kwa huruma, kisha akawaambia wanawe. Nao wakanihurumia.

Taarifa ilirushwa saa mbili usiku. Hiyo sehemu nimeikata.

Alhamisi, 12 Juni
Nimeanza.

Nilimtia kwenye maji ya moto dakika tano, nikavuta kichwa. Kilitoka chenyewe, kama kizibo. Chini kuna kijiti, shingoni kuna tundu. Nilipiga picha: kichwa, kiwiliwili, karatasi ya namba. Nikatuma kabla mtandao haujakatika. Nilijiambia nimetimiza sharti.

Kisha nikajaribu kukirudisha kichwa kwa kukigeuza. Kimeingia. Kimekaa sawasawa. Ana uso mbele, taa mbele, kama alivyokusudiwa.

Nilimsimamisha pale pale. Sasa anatazama ukuta.

Jumamosi, 14 Juni
Wamekataa. Kichwa kilichotolewa kinaweza kurudishwa, wanasema. Nani anajua zaidi yangu. Wanataka kiwiliwili kikatwe vipande viwili. Zimebaki siku tatu.

Nilimpelekea Okello amwone. Alimsimamisha kaunta kati ya chaja na sabuni. "Sasa amepona. Mama, unataka kuua mtu mzima?"

Nilisema lile ni agizo. Akasema amri za watu wa mbali ni rahisi, kwa sababu kazi inafanywa na wa karibu. Alikuwa anatania, lakini neno hilo nimelibeba mpaka nyumbani.

Njia ziko mbili. Nimtume huyu Mombasa kwa mtu wa basi, Neema awe na mshika taa mzima, na nifute dai. Au nimkate. Kuna mstari mwembamba shingoni palipochubuka rangi. Mkusanyaji atauona.

Kuna ya tatu, ndiyo niliyoifuata siku zote hizi: kukaa kimya mpaka muda upite. Seti ibaki na pengo. Neema aendelee kupiga.

Huo ni wizi. Nimeliandika neno ili nilione.

Jumapili, 15 Juni
Nilimwambia Neema yote kabla hajauliza. Kwamba msumeno ninao tangu tarehe sita. Kwamba kichwa kilitoka na kikakaa sawa. Kwamba anaweza kumpata huyu mwenye alama shingoni, au mpya. Achague yeye, rafu ni yake.

Hakuuliza kwa nini nilidanganya.

Akasema, "Mkate, Mama. Nitakaa hapa hapa."

Niliegemeza simu kwenye chupa ya maji. Nikambana mshika taa kwenye ukingo wa meza kwa kiganja cha kushoto. Plastiki ni ngumu kuliko inavyoonekana. Vumbi la buluu lilijaa mezani. Nilipofika katikati msumeno ulikwama, na Neema akaniambia nitie mafuta ya kupikia kwenye meno. Ameyajua wapi? Kumbe ana mpenzi, fundi seremala, wanaonana tangu mwaka jana. Anaitwa Juma. Anakoroma. Bibi hampendi kwa sababu hamalizi chakula. Yote hayo niliyasikia nikikata.

Kipande cha juu kilianguka sakafuni. Neema akasema pole. Sijui alimwambia nani kati yetu.

Picha imetumwa. Vipande viwili, namba, tarehe. Simu ilidumu dakika arobaini na tatu.

Nilitaka kumuuliza kama atapiga tukishamaliza. Nimewauliza maswali majenerali wenye bunduki mezani. Hili nilishindwa.

Jumanne, 17 Juni
Dai limekubaliwa. Mshika taa mpya atafika Mombasa baada ya wiki kadhaa.

Nimerudisha msumeno. Okello hakutania.

Jumapili, 29 Juni
Alipiga. Dakika tisa. Hakuna kisanduku cha kufungua. Niliuliza kuhusu Juma. Yuko Malindi kwa kazi. Halafu akaitwa kula.

Jumapili, 13 Julai
Hakupiga. Nilikaa na simu mezani mpaka saa moja, kisha nikaanika nguo ndani kwa sababu ya mvua.

Nilijua. Kujua hakusaidii.

Jumapili, 20 Julai
Saa kumi, kimya. Saa kumi na robo ikaingia picha, bila neno.

Ni rafu yake. Niliikuza na kuikagua kama ninavyokagua kila picha, kona hadi kona. Stesheni masta, hamali, mkata tiketi, bibi mwenye kuku. Kumi na mmoja. Mwisho wa safu kuna kisanduku cha kahawia chenye stempu za ng'ambo. Utepe wake wa gundi haujakatwa popote. Nilitazama mara tatu.

Nikampigia mimi. Sikumbuki lini nilimpigia mimi.

Aliniambia mzigo ulifika Jumamosi ya wiki iliyopita. Jumapili alikaa nao mapajani na hakuweza kupiga simu, maana angepiga ningemwambia afungue.

"Nitafungua ukija. Hata ukikaa miaka mitano, kitakungoja."

Nilisema nitaona ratiba. Akasema, "Najua ratiba yako, Mama." Hakusema kwa ukali. Likizo tatu nimeziahirisha: uchaguzi wa watu wengine, mafuriko ya watu wengine, vita vya watu wengine. Hesabu hiyo anayo yeye pia.

Jumatatu, 21 Julai
Nimeomba likizo kuanzia tarehe mbili Agosti. Mstari mmoja kwa mhariri. Sababu: familia. Sikuongeza kitu. Bado hajajibu.

Umeme wa sola umeisha mapema kwa mawingu. Nimekula maharage. Miguu ya mshika taa nimeiweka dirishani. Nusu ya juu iko mezani, imeegemea kopo la chumvi, na taa yake. Kichwa kimekaa sawa, kwa hiyo ilibidi nimgeuze ndipo anitazame.

Nimemgeuza.