Ua la Shanga Kwenye Mkanda wa Clotilde

Mpendwa Shangazi Delphine,

Naomba msaada wako, na kabla ya msaada naomba radhi, kwanza kwa kukuita Shangazi ilhali nadhani nilikuwa tayari mkata magogo siku ulipobatizwa, na pili kwa kuchukua nafasi katika safu hii ya gazeti letu ambayo kwa kawaida huhudumia watu wenye matatizo ya ndoa, kwa kuwa mimi sina tena ndoa ya kulalamikia. Mke wangu, Clotilde, alifariki mwaka jana theluji ya kwanza ilipokuwa ikianguka, na mwishoni mwa Novemba hii, msimu wa kuwinda kulungu utakapofungwa, tutafanya karamu ya kumaliza mwaka wa maombolezo, tuweke sahani yake mezani, tugawe vitu vyake, nami niruhusiwe kurudi miongoni mwa watu wengine.

Katika nyumba yetu mwindaji alikuwa yeye. Hapa Ghuba ya Mchanga Mwekundu kila mtu analijua jambo hilo, na nimetaniwa kwalo tangu tulipooana, hasa na shemeji yangu Orville, mdogo wake Clotilde, ambaye hajapata kunipitishia chumvi mezani bila kuniuliza kama mke wangu ameniruhusu kuila. Clotilde alipanda kwenye dungu lake la kuwindia, lile lililofungwa katika mti wa mwaloni nyuma ya kinamasi, mimi nikamshikia ngazi, kisha nikakaa chini mbali kidogo na chupa ya chai mpaka nisikie mlio wa bunduki, na kazi yangu ikawa kuchuna na kubeba. Sikuuonea haya mgawanyo huo hata siku moja. Lakini alipokuwa amelazwa, na sote wawili tukijua kwamba hatarudi nyumbani, alinishika kidole akasema, "Nyama ya karamu yangu itoke kwenye mwaloni wangu, Eustace, na upande wewe mwenyewe. Umekaa chini vya kutosha."

Nikaahidi. Masista wa misheni walionifundisha kusoma walituambia kwamba ahadi aliyopewa mtu anayekufa huandikwa mahali isipofutika, nami sijapata sababu ya kuwapinga.

Tatizo langu, Shangazi, uniwie radhi kwa kuchelewa kulifikia, ni la vifaa. Orville alinipeleka mjini kwenye duka la wawindaji, nami nikasimama mbele ya ukuta mzima wa vitu vya kupandia mti kama mtu aliyeingia kanisa la dhehebu asilolijua: kulikuwa na vidato vya chuma vya kukaza kwa skrubu kwenye shina, na vipande vya ngazi ambavyo mtu huvifunga kimoja juu ya kingine huku akipanda, na dungu linalopanda pamoja na mtu mwenyewe kama kiwavi, na ngazi ndefu zenye kiti juu, na mikanda ya usalama ya kila namna, mingine ya kiunoni tu kama ile tuliyotumia zamani katika kukata magogo, mingine ikizunguka mabega, kifua na mapaja. Mimi niliushika ule wa kiunoni kwa sababu mikono yangu iliukumbuka. Orville akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye rafu za viatu, "Chukua huohuo, shemeji. Tukikukuta unaning'inia tutakuacha siku mbili tatu nyama ilainike." Mama mwenye duka alicheka hadi akafuta macho, nami, kusema kweli, nikacheka pia, tukatoka bila kununua kitu.

Ila si kweli kwamba sikununua kwa sababu ya kicheko. Nyuma ya mlango wa jikoni unaning'inia mkanda wa Clotilde mwenyewe, wa mwili mzima, na kwenye bega la kushoto alishonea ua la shanga, jekundu lenye majani ya kijani, kwa uzi uleule aliotumia kwenye makubazi ya ngozi, kwa sababu hakuweza kuvaa kitu chochote cha dukani bila kukipa ua. Nimeujaribu. Mwaka huu nimekonda, nao unanienea kana kwamba tulipimwa pamoja. Binti yetu Renelle aliponiona nimeuvaa jikoni aliniambia kwa upole, "Baba, huo ni wa kumkumbukia Mama, si wa kupandia." Isitoshe, yeye anaamini kwamba nitakaa chini kwenye kibanda cha matete, nami sijamwambia uongo wowote, ila nimemwacha aamini.

Nina umri wa miaka sabini na minne na goti la kulia halinitii nyakati za asubuhi. Nifanye uchaguzi gani? Kuuacha mkanda wake nyuma ya mlango na kupanda kwa kitu kipya kisichomjua kunaonekana kwangu kama kupanda peke yangu, jambo ambalo sikumwahidi. Nasubiri neno lako kwa heshima, na samahani kwa urefu wa barua hii.

Wako mtiifu,
Eustace Denomie

*

Babu Eustace,

Nakuita Babu kwa sababu ndivyo ulivyo, lakini leo nitakukemea kama shangazi, maana umeniomba.

Umeandika barua nzuri kumzunguka Renelle. Hukumwambia uongo? Ukianguka nyuma ya kinamasi wakati yeye anakutafuta kwenye kibanda cha matete, huko kunyamaza kwako kutamsaidia nini?

Sasa vifaa. Mkanda wa kiunoni usiuguse tena. Katika magogo uliuegemea. Mtu akiuangukia humkaba mbavu mpaka pumzi imwishie, na Orville atajuta utani wake maisha yake yote. Vidato vya skrubu na vipande vya ngazi waachie wenye magoti. Dungu la kiwavi, sahau. Kwako ni ngazi ndefu yenye kiti na kizuizi cha mbele, ifungwe shinani kwa mikanda mipya, kwa kuwa ile iliyofunga dungu la Clotilde imekaa mwaka mzima katika jua na barafu, na panya-miti hutafuna. Atakayeifunga ni Orville akiwa na mtu mwingine, si wewe.

Mkanda wa mwilini uwe mpya, wa mabega, kifua na mapaja, na uujaribu dukani juu ya koti lako zito. Pamoja nao nunua kamba ndefu inayofungwa juu ya kiti na kushuka hadi chini shinani, yenye fundo linaloteleza unapolisukuma kwa mkono na kujikaza unapodondoka. Jifunge kwenye fundo hilo miguu yako ingali ardhini, na usijifungue mpaka irudi ardhini. Watu wengi hawaanguki wakiwa wamekaa, Babu, huanguka wakipanda na wakishuka, na wewe goti lako limekwisha kukuonya. Weka mfukoni utepe wa kukanyagia, ili ukining'inia miguu isife ganzi. Bunduki ivutwe juu kwa kamba yake, ikiwa haina risasi. Orville akushikie ngazi kama ulivyomshikia dada yake.

Mkanda wa Clotilde, hapana. Kila tundu la sindano katika ua lile lilipita kwenye nyuzi zilizopaswa kumbeba mtu. Yeye alibahatika. Nilimpenda, na bado nasema alikosea.

Kuna jambo jingine ambalo hukulitaja kabisa. Nani amekulisha? Wewe ni mfiwa, na mwaka wako haujaisha. Bibi zetu walisema mfiwa hagusi chakula cha msimu, kiwe ni beri au mchele mwitu wa ziwani au kulungu, mpaka mtu mwingine amtilie mdomoni tonge la kwanza. Au masista walikufundisha kila kitu isipokuwa hicho? Usipande mti kwenda kutafuta nyama ambayo hujalishwa. Juzi nilimkuta Renelle dukani, akaniambia ana nyama ya kulungu wa msimu huu kwenye friza, na hajui akuambie vipi kwamba amekuwekea. Kila mmoja wenu anamwogopa mwenzake kwa adabu.

Basi fanya hivi. Jumapili nenda kwake, kaa mezani, mweleze ahadi uliyompa mama yake, na umwambie utapanda mti gani na utashuka saa ngapi. Kisha fungua mdomo akulishe. Baada ya hapo chukua kisu chako, uliondoe ua la shanga taratibu, uzi mmoja mmoja, umpe Renelle alishone kwenye koti lako la kuwindia la rangi ya chungwa, upande wa kushoto, mahali pasipobeba uzito wa mtu. Mkanda uliobaki ukate vipande, ili siku ya kugawa vitu asije mtu akauchukua kwa mapenzi akaupandia.

Kisha, siku ya kuwinda, weka tumbaku ya sadaka shinani, upande mti, utulie. Kulungu asipotokea, hajatokea. Clotilde alisema upande, hakusema wewe ndiwe unayewaleta kulungu.

Nitakuja kwenye karamu na sufuria yangu ya mchele wa ziwani. Nataka kukukuta umesimama mlangoni kunipokea, umevaa koti hilo.

Shangazi Delphine