Bei Iko Faraghani

Jumatatu, 7 Oktoba

Ibtihal kaamka na uso wa ndimu. Ofisi ya kulinda wanunuzi imemtumia onyo: kila kiti anachouza kwenye ukurasa wake wa mtandaoni kiwekewe bei, hadharani, pamoja na gharama ya kukifikisha. Na bei ikishatangazwa ndiyo hiyo, muuzaji hageuki. Akikosea tena — faini, na ukurasa unafungwa.

Binti yangu huyu akiulizwa bei hujibu "nimekujibu faraghani", kama daktari wa magonjwa ya aibu. Nikamwambia: mwanangu, ni kiti, si bawasiri! Kanikodolea macho. Anasema mtaa wetu mzima ni maseremala, jirani akiiona bei yake atashusha yake kabla chai haijapoa.

Kweli. Lakini ukurasa huo ndio unaotulisha. Pensheni yangu hata paka hashibi.

Basi yeye apange bei, mimi nishike simu nijibu wateja. Mimi! Niliyeacha shule darasa la nne, mwalimu akasali rakaa mbili za shukrani.

Jumanne, 8 Oktoba

Kazi tamu hii. Kidole kimoja tu, na watu wanakuita "ustadhi".

Bibi mmoja wa Ras el-Barr, kule ufukweni, jina lake Inshirah, kauliza bei ya kile kiti kikubwa cha mahameli nyekundu. Ibtihal alikuwa hajakiwekea bei. Nikajibu hapo hapo hadharani, kama mtu aliyelelewa: "Bure kabisa, bibi. Kiti chako, nyumba yako."

Ndivyo tusemavyo sote. Muuza nyanya husema, kinyozi husema, dereva wa teksi husema — na ole wako ushuke bila kulipa! Mteja anaapa hachukui bure, wewe unaapa hupokei kitu, mkichoka kuapa ndipo bei inatajwa. Adabu tu.

Yeye kajibu: "Ahsante. Mtaniletea lini?"

Nimesoma mara tatu. Simu nimeificha chini ya mto.

Jumatano, 9 Oktoba

Haikufichika. Maelfu ya watu wanacheka chini ya picha ya kiti. Nchi nzima hututania sisi wa mji wa Damieta kwa ubahili, eti mgeni tunamuuliza: utakula, au utalala mwepesi? Sasa mmoja kaandika: "Mdamieta katoa kitu bure — tubuni, Kiama kesho!" Mwingine anaagiza kitanda. Shawki, fundi wa kupaka vanishi wa duka la mkabala, kavuka na kigoda chake akae anicheke vizuri. "Haji Mitwalli," ananiambia, "mimi niandikie kabati."

Ibtihal hacheki. Kampigia yule bibi, kajieleza, kabembeleza: baba yangu mzee, hata darasa la tano hakufika, alikuwa anafanya adabu. Kumbe bibi ni mwalimu mstaafu wa hesabu! Anasema kwake jibu ni lile lililoandikwa, si lile lililokuwa moyoni. Kiti kisipofika Jumamosi, anapeleka malalamiko.

Malalamiko juu ya onyo — ukurasa kwisha. Ibtihal kalia jikoni, akasingizia vitunguu. Hapo nami nikaacha kucheka.

Jumamosi, 12 Oktoba

Tumekipeleka. Gari la Shawki la magurudumu matatu, mimi nyuma nimekalia mahameli kama pasha. Watu wananipungia, nami nawapungia!

Nilitarajia kikongwe mchawi. Mlango ukafunguliwa — mwanamke wa haja! Miwani kaipandisha kwenye paji la uso, kicheko kakificha kwenye kona ya mdomo. Akakaa kitini, akajinyoosha. Akauliza: "Na kukifikisha? Hiyo nayo bure?"

Nikafungua mdomo: "Bibi, kwa macho yako, bu—" Ibtihal akaniziba kwa kiganja! Mbele ya Shawki!

Bibi Inshirah akacheka mpaka miwani ikaanguka. Kisha akamuuliza Ibtihal bei ya kweli, akalipa yote, na usafiri juu yake. "Mwanangu, malalamiko hakuna. Nilitaka baba yako atoe jasho kidogo." Halafu akanigeukia, kidole juu: "Na wewe, Haji, wiki hii kila kiti kiwe na bei yake. La sivyo nakurudisha darasa la nne."

Nikamwambia: ukifundisha wewe, narudi leo. Ibtihal kanikanyaga mguu.

Bibi akimimina chai akatukumbusha kwamba sheria inampa mnunuzi wiki mbili. Akighairi, anakirudisha.

Jumanne, 15 Oktoba

Bei zote hadharani! Jirani kashusha yake, kama tulivyojua. Jirani wa jirani kashusha zaidi. Na bado wateja wanakuja kwetu. Wanasema hapa mtu anajua anachokwenda kulipa. Pia wanataka "mzee wa bure" awasalimie. Nawasalimia, sina roho mbaya.

Ibtihal kaosha vyombo huku anaimba.

Jumapili, 20 Oktoba

Bibi Inshirah kaandika hadharani: mguu wa kushoto wa kiti unalia. Nikaenda mwenyewe. Nimekikalia, nimekitikisa, nimekipigia magoti. Kimya kama kaburi! Nikakaza skrubu iliyokwisha kukazwa. Chai mara mbili. Marehemu mumewe hakupenda kelele mezani. Marehemu mke wangu alinicheka hata nikiwa nimelala. Tukasimuliana hadi magharibi.

Ibtihal kauliza tatizo lilikuwa kubwa? Kubwa sana, nikamwambia.

Jumatano, 23 Oktoba

Balaa! Bibi kaandika tena, mbele ya maelfu ya watu wale wale: "Ijumaa ninakirudisha kiti. Sheria hainilazimishi kutaja sababu."

Papo hapo wateja wawili wamesitisha oda. Ibtihal anazunguka kama kuku aliyeona mwewe. Akirudisha yule, nani atanunua? Wote wanamwamini mwalimu. "Baba, ulisema nini kule?" Sikusema kitu! Nilikaribia kusema.

Chai leo nimekunywa bila sukari. Adhabu.

Ijumaa, 25 Oktoba

Nimetoka msikitini. Khatibu kahubiri subira, nami masikio yako barabarani. Masharubu nimeyapunguza. Kanzu ya pasi. Ibtihal kaweka tayari pesa za kumrudishia, na machozi pia tayari. Kanishika mkono: "Baba, akisema lolote, usitamke bure!"

Honi! Naandikia hapa dirishani.

Gari limesimama. Kiti kipo nyuma, mahameli inawaka juani. Shawki katoka na brashi mkononi, na mtaa mzima nyuma yake. Bibi Inshirah anashuka taratibu, kajitanda kitambaa cha zambarau, kabeba sinia limefunikwa. Dereva anauliza: nifungue kamba? Kamwambia: wewe ngoja kwanza.

Harufu imefika huku juu. Bata! Bata aliyejazwa vitunguu, yule tunayemchinja siku za heri, za posa na harusi. Nani anarudisha bidhaa na bata?

"Haji Mitwalli!" Sauti ya darasani hiyo. "Bata anapoa! Na kiti hiki bado sijaamua!"

Mtaa unapiga makofi. Ibtihal kasimama na pesa mkononi, hajui azitoe au azifiche, ananitazama mimi. Kamba haijafunguliwa. Viatu — viko wapi viatu vyangu!