Doa la Kijani Upande wa Kabazi

Jumapili, 2 Februari
Tak. Siku nne sasa bado naisikia. Mshipi ulikatika kwenye bwawa la Bahati, kambare akaenda na ndoano yangu, na mwenye shamba akasema mwaka huu anauza maji kwa umwagiliaji, nitafute kwingine. Sauti ndogo, kama kucha ikikatwa. Imenikasirisha kuliko inavyostahili.

Leo tena laptopu na picha za setilaiti, tangu tulipotoka kanisani hadi saa kumi. Nakuza, napunguza, nasogea kaskazini. Natafuta maji yasiyo na jina. Macho yanauma.

Jumanne, 4 Februari
Nimeweka alama kumi na moja kwenye ramani. Nimefika kwenye tano. Ya kwanza ilikuwa paa la plastiki la kivungulio cha nyanya. Ya pili, shimo la kuvunia maji ya mvua, limetandikwa plastiki nyeusi, ndani vyura. Ya tatu, kivuli cha jabali. Ya nne, karibu na Kariandusi, shimo la machimbo lenye maji meupe kama maziwa. Mlinzi alinicheka mpaka akakaa chini. Ya tano lilikuwa bwawa kweli, mwaka ule picha ilipopigwa. Sasa ni mahindi.

Nafundisha fizikia. Nimedanganywa na kivuli.

Kwenye kundi letu la simu la wavuvi wa fimbo nilisimulia haya, na mwenyekiti wetu Denno ameandika: "Madam, leo umevua nyanya ngapi?" Wakacheka wote. Mimi ndiye mwanamke pekee humo. Nikafungua ramani tena.

Jumamosi, 8 Februari
Nimelipata.

Doa la kijani upande wa Kabazi, umbo la figo. Kilichonishawishi ni njia za ng'ombe: zinaliendea kutoka pande tatu. Ng'ombe hawaendi kunywa kivuli.

Nilitembea na simu mbele ya uso, nikisimama, nikigeuka, nikilinganisha. Mama mzee akatokea kwenye kabeji na panga mkononi.

"Wewe ni savea?"

"Hapana, mathe."

"Nani amekutuma? Ni Karis?"

Karis ni mwanawe wa pekee. Anaishi Gilgil, anataka agawiwe sehemu yake ya shamba. Hatimiliki bado ina jina la marehemu baba yake. Kwa hiyo mgeni yeyote anayezunguka hapo na simu ni wa kupima au wa kununua. Sikuwa nimelifikiria hilo hata kidogo. Nilimwonyesha ndoano. Akaitazama, akanitazama, akaanza kucheka.

"Umetoka Nakuru juu ya hizo nyoka za maji? Si ubebe zote!"

Marehemu mumewe ndiye aliyewamwaga samaki humo, miaka mingi iliyopita. Kwenye ule mteremko hakuna anayewala, kwa hiyo wamenenepa kwa amani. Nilipata tilapia saba. Mama Karis aliniomba kitu kimoja tu: nisilete watu. Ng'ombe wake watatu hunywa hapo, na kijito kimekauka. Nikamwahidi. Tukaandikiana namba za simu.

Jumapili, 9 Februari
Mama yangu amewakaanga wote. Kwetu samaki ni chakula cha heshima tangu babu alipokuja na reli kutoka magharibi. Nilikula nikiwa na furaha niliyokuwa nimeisahau.

Halafu nikaiharibu. Jioni Denno aliweka picha ya samaki wake wa Naivasha, akaongeza, "Madam bado anavua hewani." Nikaweka picha ya saba wangu. Akasema hao wa sokoni, hata bei tunaijua. Nikatuma alama. Mahali penyewe, na njia ya kuingilia.

Nilijiona mtu mkubwa kwa dakika kumi hivi. Nikaupiga ujumbe picha ya skrini kwa majivuno, kisha nikaufuta. Walikuwa wameshaona.

Jumatano, 12 Februari
Hakuna anayetaja lile bwawa. Ningependa wanicheke.

Jumatatu, 17 Februari
Mama Karis alipiga simu wakati wa chai ya saa nne. Nilitoka nje ya chumba cha walimu.

Jana, akasema, wanaume asiowajua walikuja kwa pikapu mbili. Hawakuja na fimbo. Walikuja na wavu wa kukokota. Walikata seng'enge, wakauburura bwawani kutoka upande hadi upande. Maji yamekuwa tope, ng'ombe wamekataa kunywa. Ng'ombe mmoja alitokea pale palipokatwa akala kabeji za jirani. Na wale wanaume walizunguka ukingoni wakiwa wameshika simu.

"Vile tu ulikuwa umeshika," akasema. "Ni Karis. Ameuza shamba ya baba yake, na mimi bado niko ndani."

Kisha akaniuliza, kwa kuwa mimi nimesoma, kama nawajua watu hao.

Nikasema siwajui. Nilijibu upesi, kama mwizi. Nikarudi darasani nikafundisha msuguano kwa dakika arobaini. Sikumbuki neno.

Jumatano, 19 Februari
Nimempigia Denno. Nilikuwa nimejiandalia matusi.

"Sasa madam, unanifokea nini? Si ni wewe ulituma?"

Matusi yote yakanirudia.

Mama Karis amenitumia ujumbe: ameita wazee wa ukoo Jumamosi. Atawaambia Karis asikanyage tena bomani kwake, hata siku ya kumzika yeye. Karis anaapa hajui lolote. Nani amwamini? Amedai sehemu yake kwa sauti mwaka mzima. Kinachoweza kumsafisha kiko kwenye simu yangu.

Ijumaa, 21 Februari
Naweza kunyamaza. Nimeandika sababu za kunyamaza kwenye karatasi. Ni familia ya watu. Ni mambo ya ardhi. Nitaonekana tapeli. Nimezisoma tena. Za mwoga.

Ukweli: nalitaka lile bwawa. Bado naamini samaki watajaa tena na nitakaribishwa. Naona haya kuandika hivi.

Jumapili, 23 Februari
Nilikwenda jana. Wazee watano kwenye viti vya plastiki, Karis peke yake ukutani, akitazama viatu vyake. Ni mtu mzima mwenye mvi kidogo, na alikuwa amelia.

Niliomba kusema kabla ya yeyote. Nikawaonyesha picha niliyohifadhi ya ule ujumbe wangu: jina langu, siku, saa. Mzee mmoja hakuelewa mtu anawezaje kuletwa mpaka getini na picha iliyopigwa kutoka juu. Nikaeleza. Akauliza tena. Nikaeleza mara tatu.

Mama Karis hakunitukana.

"Na siku nilikupigia, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua, mathe."

Akamgeukia Karis, akamwambia avute kiti, aache kukaa ukutani kama mgeni.

Niliondoka wakiwa bado wanazungumza. Hakuna aliyenisindikiza.

Leo asubuhi, kabla ya kanisa, nimeifuta ramani yangu, alama moja baada ya nyingine. Ile ya Kabazi niliifuta kwanza.