Sisi Tutakusemea

Kibiti,
Jumatatu, mwezi wa Septemba.

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Naipiga hiyo shikamoo kwa magoti yote mawili, huku nikiuwaza mgongo wako kama umepata nafuu, na kama baridi ya Litembo mwaka huu imekuacha uchume kahawa kwa amani. Mimi na Fausta tunapumua, tunakula. Mjukuu wako ameng'oka meno ya mbele, sasa jina lake mwenyewe linamshinda kulitamka, na akichekwa ananuna kama wewe. Kaka Otmari anapokusomea barua hii, mwambie asome polepole na asiruke mahali. Nimejaribu kukueleza kwa simu, lakini mtandao unapokubali, sauti yangu inakataa.

Unakumbuka tulivyokuja huku. Mume wangu aliitwa na useremala wake kupachika milango ya shule, kazi ikaisha, naye akawa amelipenda bonde la Rufiji. Alisema kwetu Umatengo mtu analima kwa kukwea, huku udongo unamfuata mtu miguuni. Tukapata shamba la mpunga, tukajenga. Wakristo tulikuwa familia chache mno, tukikusanyika kwenye kibanda cha miti na udongo, na kwa kuwa Padre hufika mara mojamoja, mkweo ndiye aliyesoma masomo na kuanzisha nyimbo. Sauti yake unaijua, mama. Haikuwa nzuri, ila haikuogopa.

Hayo mafuriko mliyoyasikia redioni yalitukuta Jumapili, tumetoka kusali. Watu wa bondeni hawayaogopi maji. Husema mto ukija umeleta mbolea. Lakini mchana ule ulikuja kwa kishindo, ukabeba mabanda ya kuku na kuku wenyewe. Osmundi aliazima mtumbwi, akatufikisha mimi na mtoto kwenye mwinuko wa shule. Kisha akaugeuza. Jirani yetu Mwanajuma alikuwa amepanda na wanawe juu ya dungu, kile kibanda cha miguu mirefu cha kulindia mpunga, na mumewe Hemedy alikuwa mbali, Nyamisati, kwenye kazi ya miti ya mikoko. Nilimshika Osmundi mkono. Akaniambia, "Edeltruda, wale wanaolia sauti zao nazijua." Nikamwachia.

Aliwaleta wote, Mwanajuma na watoto. Halafu akasikia kuna bibi kizee amebaki juu ya paa, akarudi tena. Yule bibi aliokolewa na watu wengine. Mtumbwi wa Osmundi tuliuona kesho yake umepinduka kwenye matete. Yeye hatukumwona.

Mama, hilo ndilo lililonimaliza. Aliyefiwa analia, watu wanakaa matanga, siku zinapita. Mimi kila kulipokucha naanza upya. Nikisikia mlango, ni yeye. Nikiona mgongo wa mwanamume sokoni, ni yeye. Wavuvi nikiwauliza walishusha macho, na nilijua wanawaza mamba. Sikuwa mjane, sikuwa mwenye mume. Watu walitawanyika, wengine wakakimbilia Mbwara kwa ndugu zao, na Mwanajuma akatuchukua hapa Kibiti kwa shangazi yake. Chumba ni kimoja. Yeye huswali upande wa mlango, mimi nilikuwa nikisali upande wa dirisha, mpaka nikaacha. Hakuniuliza kwa nini. Alinisogezea chakula tu.

Kisha homa ikanilaza hospitali Mchukwi. Kule wakaja wanawake wa jumuiya ya Wakristo wa hapa Kibiti, watu wasionijua kabisa, wakapeana zamu ya kuniletea uji na kumchana Fausta nywele. Mmoja wao ni mama Pilomena, Mmakonde anayeuza mihogo ya kuchoma kituo cha mabasi. Nilipopona alinifuata kila Alhamisi tukasali pamoja na wenzake kwenye baraza lake, na sikuwa na nguvu ya kumkatalia. Lakini tulipofika kwenye Baba Yetu, nilikuwa nafika "ufalme wako ufike", basi. "Utakalo lifanyike" halikutoka. Ningelisemaje, mama? Kama lile ndilo alilolitaka, mimi sikulitaka.

Nilidhani hakuna aliyegundua. Siku moja, wengine wameshaondoka, mama Pilomena akaniambia ananisikia ninaponyamaza. Nilijiandaa kuonywa. Akasema, "Usijilazimishe, mwanangu. Hapo paache. Sisi tutakusemea mpaka uweze."

Nililia nikamlowesha kanga. Na kweli, tangu siku ile, wakifika pale walipaza sauti kidogo, kama watu wanaomsaidia mwenzao kujitwisha mzigo. Mimi nakaa kimya katikati yao. Sijui kama Kanisa linaruhusu hivyo, lakini kwangu ndivyo lilivyokuwa Kanisa.

Neno lilinirudia siku isiyo na lolote. Mvua inanyesha, Fausta amesinzia mapajani kwa mama Pilomena, moshi wa mihogo unatuumiza macho. Nikasikia sauti yangu imo ndani ya zao, na imeshapita pale. Sikufurahi, mama. Nilitulia tu, kama mtoto aliyechoka kulia. Usiku ule nililala mpaka asubuhi, na nilipoamka nikatamani kula.

Sasa mama, kama umesimama, keti. Haya mengine yote nimeyatanguliza ili hili lisikukute mikono mitupu.

Osmundi ameonekana.

Mzee Bushiri, baba yake Hemedy, alikuwa anafyeka matete apande mahindi ya mlao, yale yanayopandwa maji yakishashuka. Akamkuta chini ya matete yaliyolala. Ilibaki mifupa na nguo. Mzee akavua shuka lake akamfunika, akakaa pale juani peke yake mpaka alipopita mvuvi, akamtuma kijijini. Nilipofika niliona kiraka begani nilichokishona mwenyewe kwa uzi usiolingana, maana ule mwingine ulikwisha. Alikuwa yeye. Polisi walikuja, wakaandika yao, wakaturuhusu tuzike.

Nilimshukuru mzee kwa kukaa juani muda wote ule na uzee wake. Akanitazama kama nimesema jambo la ajabu. "Yeye aliwarudia wajukuu zangu majini," akasema. "Mimi nimwache nchi kavu?"

Tumemzika kwenye kilima cha Mzee Bushiri, maji hayafiki. Yeye mwenyewe ndiye aliyetoa mahali. Vijana wa kijiji, Waislamu, walichimba. Hemedy alileta mti wa mkoko kwa ajili ya msalaba, akasema huo mchwa hawauwezi. Padre alikuja kwa bodaboda, vumbi mpaka kwenye kope, na jumuiya ikaja yote na vitenge vyao. Wakati wa kuimba hakuna aliyeanzisha, kwa sababu mwanzishaji ndiye tuliyekuwa tunamzika. Nikaanzisha mimi, mama. Nilianza juu mno, wakanifuata hukohuko juu.

Uliniagizia kwa kaka kwamba nirudi nyumbani, chumba changu kipo. Nisamehe, mama, sitarudi kukaa. Kibanda chetu cha sala kinajengwa upya bondeni, wameniomba nisome masomo, nami nimekubali. Usifikiri nimemsahau mwenzangu kwa kuwa na kazi. Nina hamu naye. Natamani hata kikohozi chake cha asubuhi kilichokuwa kinaniudhi. Nilidhani tumaini likija, hamu itaondoka. Imebaki, inakaa nalo nyumba moja. Hata wewe nina hamu nawe, na moto wa jiko lako, na ukungu unaoingia hadi ndani ya sufuria. Fausta ananiuliza kama ni kweli kuna mahali ambapo watu wanaota moto mchana.

Kwa hiyo njoo wewe. Njoo Noeli, kahawa ikishauzwa, kaka Otmari akupandishe basi la Songea, sisi tutakupokea hapa Kibiti. Mwanajuma ameshasema atakupikia wali wa nazi na kambale, na kwamba hataki kusikia eti watu wa milimani hawali kambale.

Nisalimie kaka na shemeji, nisalimie majirani wote wanaoniulizia, na mama yake Osmundi umweleze habari hii mwenyewe kwa mdomo wako, umemshika mkono. Fausta anakuamkia. Mwanajuma na mama Pilomena wanakuamkia, wanakuita mama.

Usiogope umbali. Zamani ningekwambia usije, maana ningekupeleka wapi? Sasa kuna mahali pa kulilia.

Ni mimi mwanao,
Edeltruda