Pinki Kwenye Samli ya Mama Akoth

Alhamisi, Aprili 1991

Mvua imenyesha bila haya tangu asubuhi na njia yetu hapa Kaloleni imekuwa tope tupu. Saumu ya leo haijanisumbua hata kidogo. Kinachonisumbua ni mikono. Inauma kuanzia mabega mpaka vidole, na naandika polepole nikisubiri adhana ya magharibi, maana nyumbani wamechoka kunisikia nikilalamika.

Yote yalianza Jumatatu. Afisa wa soko alituletea maabara kopo la samli ya Mama Akoth, yule anayeuza soko la Kibuye. Mteja mmoja alikuwa amelalamika kwamba harufu yake si ile ya zamani, lazima imetiwa mafuta ya pamba. Afisa akazifungia debe zake zote stoo mpaka majibu yatoke. Wiki ya mwisho ya Ramadhani! Hii ndiyo wiki ambayo Waislamu wa mji mzima wananunua samli ya Idd, na mama huyu ni mjane ambaye hana biashara nyingine. Tukisema amechanganya, anapelekwa kortini, na Kibuye hauzi tena.

Kazi yangu ni kutambua mafuta yametoka kwa mbegu gani. Ukiyatazama tu kwenye chupa, mafuta yote yanafanana, lakini kila mbegu ina dawa yake ya kuisemesha. Mafuta ya simsim ukiyatikisa na asidi kali yenye sukari kidogo, asidi inageuka waridi. Ya njugu unayapika na dawa zake, kisha unayaacha yapoe huku jicho liko kwenye kipimajoto, ujue yameanza kuingia ukungu kwenye joto gani. Ya pamba unayachanganya na salfa iliyoyeyushwa kwenye dawa inayonuka kama kabichi iliyooza, halafu unachemsha tyubu ndani ya maji ya chumvi, kwa sababu maji ya chumvi huchemka kwa joto kali zaidi. Kama pamba imo, rangi inapanda mpaka nyekundu.

Samli ya Mama Akoth ilipanda. Haikufika nyekundu, iliishia pinki, lakini pinki ya kuonekana na kila mtu.

Bwana Otieno, mkubwa wangu, aliinua tyubu dirishani akairudisha hapo hapo. "Bi Salma, hiyo pinki ni nyekundu changa. Andika imechanganywa, tuendelee na kazi ingine."

Sikuandika. Nilimwomba anipe mpaka mwisho wa wiki, akaguna, na mguno wake mimi huuhesabu kuwa ndiyo.

Kilichonikera ni huo upungufu wa rangi. Nilijaribu kutia mafuta ya pamba kidogo kidogo ndani ya samli nyingine, nikaona kwamba pinki ile inapatikana ukitia kama kijiko tu kwenye debe zima. Mwizi wa samli hatii kijiko. Anatia chupa baada ya chupa mpaka apate faida ya maana.

Nani auze jina lake kwa kijiko?

Kwa hiyo Jumanne nilimfuata kwake Manyatta. Alinipokea akiwa amejishika kiuno. "Nyathina, mtoto wangu, umekuja kupima samli ama umekuja kupima mimi?" Nilipomweleza, akanyoosha kidole nyuma ya nyumba. "Mimi mo yangu, hii samli, sijawahi weka kitu. Ng'ombe ndio hiyo. Kuja uone na macho yako."

Nikaenda. Alikamua yeye, kwa sababu mimi kiwele nakiogopa, lakini chupa ilikuwa yangu, niliyoiosha mwenyewe maabara, na sikuiondoa machoni hata mara moja. Ng'ombe alikuwa hatuangalii. Alikuwa amezamisha uso kwenye pipa lililokatwa nusu, lililojaa mashudu ya pamba, yale makapi yanayobaki mbegu zikishakamuliwa mafuta. Mama Akoth akajisifu: "Hii ndio inaleta maziwa mingi. Huyo jirani analisha nyasi ya barabara, halafu anashangaa."

Nilisimama pale na chupa ya maziwa mkononi, nikalitazama lile pipa. Mashudu hayakamuliwi yakaisha mafuta. Kitu cha pamba kinabaki ndani, na kila siku kinaingia kwenye tumbo la ng'ombe huyu. Je, kama kinatoka na maziwa? Nikaenda kwa jirani wa nyasi ya barabara, nikaomba chupa ya pili. Mama Akoth hakufurahi kuniona nikiingia kwenye boma lile, na alinifuata kwa macho mpaka mlangoni.

Jana ndiyo siku iliyoniua mikono. Nilijua Bwana Otieno angesema kibuyu cha kusukia maziwa kilipakwa mafuta, au mtu fulani alitia kitu nikigeuka. Basi nikasuka mwenyewe. Nilitoa malai ya kila maziwa, nikayatia kwenye chupa mbili safi, nikatikisa. Nikatikisa tena, chupa hii kisha ile, na saumu juu. Mama yangu alicheka mpaka akakaa chini, akauliza kama serikali inanilipa kwa kutikisa maziwa. Siagi ilipotoka niliipika, harufu ikajaa nyumba, na hapo ndipo niliomba Mungu anipe subira.

Leo niliweka tyubu zote mbili kwenye maji yale yale, wakati ule ule. Niliogopa, nakiri. Kama zote mbili zingebaki za manjano, basi mama yule ni mwongo, na mkono wangu ndio ungemwandikia hivyo.

Ya jirani ilibaki manjano. Ya ng'ombe wa Mama Akoth ikapanda pinki.

Samli niliyoitikisa mimi! Hakuna mtu aliyeitia pamba. Pamba aliitia ng'ombe.

Nilimwita Bwana Otieno kwa sauti ambayo huwa situmii ofisini. Alizitazama tyubu kwa muda mrefu, akaniuliza juu ya maziwa, chupa, moto, kila kitu, nami nikajibu. Mwishowe akasema, "Sawa. Andika haijathibitika kwamba amechanganya."

Nikakataa. Hilo neno nalijua. Haijathibitika maana yake ni mwizi ambaye hatujamshika. Bwana Otieno akaniambia pia jambo ambalo ni kweli, na ndilo linaloniuma zaidi ya mikono: kipimo chetu hiki hakiwezi kuapa kwamba hakuna hata tone la mafuta ya pamba lililotiwa kwenye kopo lile. Tulibishana mpaka karani wa chumba cha pili akaja kutuchungulia. Niliandika kile nilichokiona tu: kwamba rangi iliyopatikana kwenye samli hii inapatikana pia kwenye samli ya ng'ombe wa muuzaji anayelishwa mashudu ya pamba, bila kuongezwa kitu chochote. Akasoma, akafuta koma moja, akatia sahihi. Kesho debe zinafunguliwa.

Lakini karatasi itakaa kwenye faili ya afisa, na Kibuye hakuna atakayeisoma. Wameshaona debe zikibebwa, na hilo ndilo watakalolikumbuka siku ya kununua.

Jumamosi nitaenda sokoni asubuhi, wakati watu wamejaa, nikiwa nimevaa ile koti yangu nyeupe ya kazi. Nitasimama mbele ya meza ya Mama Akoth na kununua samli yangu ya Idd kwa sauti. Na yeyote atakayenivuta pembeni kuninong'oneza kwamba samli ile ni ya pamba, nitamjibu pale pale, wote wasikie: mimi ndiye niliyeipima.