Matope ya Gari la Mashindano

Mpendwa Mama Nyambura,

Hamjambo hapo Ndabibi? Kikohozi cha Nyambura kimeisha, ama bado kinaamsha majogoo? Mimi mwili ni mzima. Hiyo ndiyo habari njema, na imeisha.

Unajua lile jumba la magari ya zamani ninakofagia. Katikati kuna gari moja halina hata paa, lililoshindana kuvuka huku Marekani, bahari hadi bahari, zaidi ya miaka mia iliyopita. Nimejisomea vibao vyote. Barabara hazikuwepo. Madereva walizama topeni, wakulima wakawavuta kwa farasi, pengine wakapita juu ya reli wakirukaruka kama mahindi kwa sufuria. Wiki baada ya wiki. Nikasema hawa wangepita Ndabibi mwezi wa nne, mvua ikishika, wasingeshangaa kitu.

Juzi wageni wakubwa walikuwa waje kuliona. Na mkubwa wetu, yule mama niliyekuambia, aliahidi kusaini barua yako ya kuja huku wakishaondoka. Nikataka afurahi. Nikafika mapema na ndoo, nikaliosha likang'aa.

Alipoingia alishika mdomo.

"Matope yako wapi?"

"Nimetoa yote, madam. Hata ya chini."

"Yalikuwa ya mashindano! Tumeyatunza miaka yote hii!"

Kumbe kibao kimoja sikukisoma, kile kidogo karibu na gurudumu. Nilikuwa nimekiwekea ndoo mbele. Nikamwambia matope si shida, kwetu yapo, tunaweza kuagiza. Hakucheka.

Lakini wewe unajua, kwetu gari la mtu unayemheshimu halilali na matope. Siku nilipokuja kukuposa, baba yako alikagua pikapu yake niliyoiosha kabla ya kunitazama uso. Akasema, "Huyu mpeni chai."

Huku sikupewa chai. Nitaendelea kufagia, lakini barua hasaini, na amesema nisimwulize tena. Bila hiyo barua huwezi kuja. Na mimi nikitoka sitaruhusiwa kurudi, na hapo nyumbani kazi unaijua: leo ipo, kesho hakuna. Nimepiga hesabu ya miaka tutakayokaa mbali, nikaiacha njiani.

Najua umeshaaga kanisani, hata wakakuimbia. Jumapili uketi tu nyuma, watazoea.

Msalimie mama. Baba yako mwambie gari lilitakata kweli, asidhani nimesahau kazi. Na dada yako msalimie kwa upole, halafu umwombe wale kuku uliomgawia. Kama hajawachinja.

Mumeo aliye mbali,
Baba Nyambura