Leo Nimeulizwa Nani Ananingoja Nyumbani

Jumanne. Upepo wa vumbi tangu asubuhi, ule unaoingia hadi ndani ya kabati, na juu yake jua la Voi. Buibui langu nimelifua mara mbili wiki hii na bado lina rangi ya udongo. Moyo nao haukuamka vizuri.

Blogu hii niliifungua kwa sababu mhadhiri mmoja alitaka kila mwanafunzi awe na yake. Somo lenyewe lilikwisha muhula uliopita. Wenzangu wameziacha zao, mimi nimeendelea. Nadhani ni kwa sababu hapa naweza kumaliza sentensi bila kukatizwa. Bila kusikilizwa pia, lakini hilo nimelizoea.

Kama kuna mtu amepotea njia akafika hapa: mimi ni Zuhura, nina miaka arubaini na minne, niko mwaka wa pili chuo kikuu, nasomea mawasiliano na uhusiano wa umma. Kabla ya hapo nilikaa mapokezi ya zahanati moja hapa mjini kwa miaka mingi, mpaka ilipofungwa. Wakati huo mume wangu alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Binti yangu Salma, anayefanya kazi Mombasa, ndiye aliyeniambia, "Mama, maisha yako yote umekuwa ukizungumza na watu. Nenda ukalisomee hilo." Nikaenda. Majirani walicheka kidogo, kisha wakachoka kucheka.

Darasani wananiita Mum. Wananiita kwa heshima, sina la kulalamika. Lakini mtu anayeitwa Mum hasimuliwi kichekesho mpaka mwisho. Nikikaribia, maneno hubadilika.

Leo kulikuwa na zoezi. Wiki mbili zilizopita Madam Wakesho, mhadhiri wetu, alitugawa watatu watatu. Kila kundi ni ofisi ya mawasiliano ya kampuni ya kubuni iliyopatwa na janga. Wanafunzi wengine wanakuwa waandishi wa habari na wananchi, wanakuuliza maswali hadi jasho likutoke. Ukilikosa zoezi hili unalirudia somo zima mwaka ujao. Nilipangwa na Mghoi, msichana wa Werugha, kule milimani, mwenye sauti nzuri na akili kali, na Kilonzo, kijana mpole ambaye hasemi mpaka asemeshwe. Kampuni yetu ni ya maji. Maji yamechafuka na watoto wanaugua.

Nikangoja kuambiwa tunakutana lini. Siku mbili, tatu, wiki. Nikajiambia vijana ni watu wa dakika ya mwisho. Nikaandika maelezo yangu mwenyewe, kurasa nne kwa mkono, nikayatia kwenye mkoba.

Leo saa tatu Mghoi alichomeka kompyuta yake kwenye projekta. Slaidi ya kwanza ilikuwa na majina mawili.

Mawili.

Niliyasoma tena na tena, kana kwamba la tatu limejibanza nyuma ya mengine. Nikamwendea Mghoi, nikamwuliza kwa sauti ya chini. Akasema, "Ah, pole, Mum. Tulidhani uko bize." Kilonzo akatazama viatu vyake.

Nilishaushika mkoba na kufika mlangoni Madam Wakesho aliponiona. "Zuhura," akasema, "asiyesimama mbele leo sina cha kumpa." Nikarudi. Nikasimama kando ya ukuta kama fundi aliyeitwa kutazama taa.

Mghoi alianza vizuri. Akasoma taarifa: "Kampuni inasikitishwa na usumbufu wowote uliojitokeza, na inawahakikishia wateja wake kwamba hatua mwafaka zinachukuliwa." Hata mimi ningepewa karatasi ile ningeisoma hivyo hivyo. Kisha msichana wa nyuma, aliyepewa nafasi ya mzazi, akasimama. Sijui kama bado alikuwa akiigiza.

"Mtoto wangu amelazwa, leo siku ya tatu. Nyinyi hiyo mnaiita usumbufu?"

Mghoi akasoma sentensi ile ile mara ya pili. Darasa likaguna. Msichana akapaza sauti, akauliza tena. Mghoi akamgeukia Kilonzo, Kilonzo akaigeukia karatasi.

Nakiri hapa: kwa muda mfupi nilifurahi.

Kisha nikajikuta nimesogea mbele. Zile kurasa nne zilibaki mkobani, wala sikuzikumbuka. Kwa msichana yule nilimwona mama mmoja kati ya wale wengi niliowapokea dirishani kwangu kule zahanati, wanaofika wakifoka kwa sababu wanaogopa.

"Mama," nikamwambia, "mtoto anaitwa nani?"

Akababaika. "Neema."

"Neema ana miaka mingapi?"

"Minne."

"Leo ameweza kunywa chochote?"

"Uji kidogo," akasema, na sauti yake ikashuka.

"Maji yaliyomwuguza Neema ni yetu. Tumeyafunga. Uchafu ulipitia wapi bado sijui, na sitakudanganya kwamba najua. Tukitoka hapa nitafuatana nawe hadi wodini. Jibu likipatikana, utaambiwa wewe kabla ya gazeti lolote."

Msichana akakaa chini polepole. Madam Wakesho aliandika kitu kwenye daftari lake, akasema, "Kundi hili limepita. Na ile slaidi irekebishwe. Majina ni matatu."

Walinipigia makofi. Yalikuwa mengi, kisha yakaisha, na kila mtu akaondoka na wenzake.

Nilikuwa nimekaribia geti niliposikia hatua za haraka. Mghoi. Nilidhani anakuja kushukuru, na nilikuwa nimeshaliandaa jibu la unyenyekevu. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Mum, umeniaibisha."

"Nyinyi ndio mlioniacha," nikamwambia.

"Wewe ndio ulitoka kwa grupu ya WhatsApp! Mwaka wa kwanza. Hukusema kitu, ulitoka tu. Na kila saa tukikuambia twende tukule, unasema unaharakisha nyumbani. Sasa tukutafute wapi? Kwani nani hukungoja huko?"

"Watu wangu," nikamjibu, nikapita getini.

Ni uwongo.

Nyumbani kuna vyumba viwili, redio, na sahani moja iliyooshwa asubuhi. Salma hupiga simu Ijumaa. Siku nyingine sauti ya kwanza ninayoisikia nikifungua mlango ni bawaba.

Na lile grupu nilitoka kweli. Nilikuwa nimelisahau, au nilitaka kulisahau. Siku moja walikuwa wakiichekea picha fulani, nikaandika, "Wanangu, hapa kinachochekesha ni nini?" Hakuna aliyejibu. Nikangoja mpaka kesho yake adhuhuri, nikatoka. Niliona heri niondoke mwenyewe kuliko kuachwa nikiwa ndani. Tangu hapo nimekuwa mtu wa kuharakisha. Nakimbilia nyumba tupu ili wasione kwamba ni tupu.

Huu ni mwaka wa pili nakaa dawati la nyuma ya Mghoi. Sijui baba yake ni nani, sijui kwao wanalima au wanafuga, sijui kama baridi ya kule juu huikumbuka anapounguzwa na joto la hapa. Sijawahi kumwuliza. Ningelikuwa mapokezi ningeliyajua hayo kwa dakika tano.

Baada ya swala ya alasiri nikachukua simu. Niliandika nikafuta, nikaandika nikafuta. Mwishowe nikatuma hivi: "Mghoi mwanangu, nyumbani hakuna anayeningoja. Nimekuwa nikiwadanganya. Leo sikukusudia kukuaibisha, ingawa ulipokwama nilifurahi kidogo. Kwa hilo nisamehe."

Nikaiweka simu kifudifudi juu ya meza. Nikafagia vumbi. Nikafagia tena pale pale.

Adhana ya magharibi ilikuwa inamalizika jibu lilipoingia. Neno moja.

"Nimeona."

Hakusema sawa. Hakusema usijali. Nasomea jinsi watu wanavyopokea ujumbe, nina madaftari matatu ya mambo hayo, na neno hili moja limenishinda. Labda amesamehe. Labda alikuwa na watu, akajibu haraka. Labda ameona tu.

Kesho tuna somo moja, linaisha saa saba. Nimeazimia nisiwe wa kwanza kunyanyuka. Lakini kukaa tu hakutoshi. Wao wameniambia twende mara ngapi? Wamechoka, na wana haki ya kuchoka. Safari hii itabidi niseme mimi.

Nimejaribu sasa hivi hapa sebuleni, nikiwa nimesimama, kwa sauti: "Mghoi, leo mnakula wapi? Naweza kuja?"

Sauti imetoka ndogo kuliko nilivyodhani. Nitajaribu tena kabla sijalala.